Kuku wa Joka

Mke wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba aliolewa na mfanyabiashara wa Mokambo, kisha siku moja akarudi kutoka kazini akakuta ameolewa na nyoka mwenye mabawa. Wageni hucheka, nami hucheka nao, kwa sababu nikinuna ataongeza chumvi.

Ukweli wenyewe ni mdogo. Nina kompyuta ya zamani niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia Kolwezi, na ndani yake mna mchezo wa zamani vilevile, wa falme, wachawi na mashujaa. Ukianza kucheza, unaulizwa unataka kuwa nani. Unaweza kuwa askari wa farasi, au mpiga mishale, au mbilikimo mwenye shoka. Chini kabisa, mahali ambapo watu wengi hawafiki, wameweka joka.

Wenye akili huchagua askari. Askari huingia dukani, hununua upanga, hulala kwenye nyumba ya wageni na kusalimiwa njiani. Joka haliingii popote. Milango yote ya mchezo ule imekatwa kwa kipimo cha binadamu, na joka likikaribia kijiji, wanakijiji hupiga ukelele uleule kila mara na kukimbilia vichakani. Tena si zuri. Walilichora zamani zile kompyuta ilipokuwa haijui kuchora kitu cha mviringo, kwa hiyo langu lina pembepembe kama katoni iliyokanyagwa. Lakini linaruka. Mtu ambaye siku za kwanza za juma anazimalizia mpakani Mokambo, akisukumana na magunia na kungoja muhuri, hana haja ya upanga. Anachotaka ni kupita juu ya vichwa vya watu wote bila kuulizwa karatasi. Siku zilizobaki nauza asubuhi, narudi nyumbani Bel-Air mchana, na alasiri naruka.

Hayo yalikuwa maisha yangu mpaka mama mkwe wangu alipoletwa.

Alikuwa ameteleza kando ya kisima chake huko Kasungami, akaanguka na kuvunjika mguu. Ni mjane wa mtu wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, na tangu mumewe afariki alikuwa akiishi peke yake na shamba lake la mahindi na karanga. Alifika kwetu mguu umefungwa plasta nyeupe hadi gotini, akateremshwa garini, na mimi mwenye nyumba nikakimbia kujificha nyuma ya tangi la maji.

Sikumkimbia kwa chuki. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawapishani mlangoni, na wakiwa na neno, hulipitisha kwenye kinywa cha mtu wa tatu. Nikisema kwetu, namaanisha watu wa Kasai kama mimi na watu wa kaskazini kama yeye. Tunabishana juu ya kila kitu, hata namna ya kusonga bukari, ugali wetu, lakini kwa jambo hili tunaelewana vizuri sana. Ipo njia ya kuliondoa. Mkwe huleta kuku na kikwembe kizuri, kitenge cha kujifunga, mbele ya ndugu, mama akivipokea anamshika mkono, na tangu hapo wanaongea kama watu wengine. Nilikuwa nimeomba kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Kila mara jibu lilirudi kupitia kwa mke wangu, likiwa lilelile.

"Ambia bwana yako, nikimuzoea nitamugombeza. Mi najijua. Wacha tueshimiane tu hivi, mbali-mbali."

Mke wangu alisema hilo si utani. Mama yake aliwahi kumgombeza padri kwa sababu ya misa kurefuka, na padri akaomba msamaha.

Sasa mke wangu alikuwa na ombi moja tu moyoni, na alilirudia kila jioni akimkanda mama yake mabega. "Mama, ubakie tu huku kwetu. Kule uko peke yako. Siku ingine utaanguka, nani atakuokota?"

"Siku ile banatosha plâtre, narudia ku Kasungami," mama alijibu. "Nitaishi namna gani mu nyumba ya mukwe mwenye hatujafungula njia naye? Bantu batasema nini?"

"Basi upokee kuku!"

"Kuku sitaki."

Mke wangu alikuja chumbani akalia. Nilimwonea huruma sana, na nilikasirika pia, ila sikujua nimkasirikie nani. Mtu mwenyewe sikuwa hata na ruhusa ya kumtazama.

Kuishi naye nyumba moja kulikuwa kazi. Kila nikitaka kupita koridoni ilinibidi nikohoe kwanza, ili apate nafasi ya kujifunika kichwa au kugeukia ukutani. Nilikohoa kwenda bafuni, nikakohoa kurudi, nikakohoa kwenda kuchukua maji, mpaka jirani akaniletea majani ya kuchemsha kwa ajili ya kifua. Asubuhi, kabla sijatoka, binti yetu alibeba maneno yetu huku na huko. Lakini alasiri yuko shule, mke wangu naye yuko kazini, na mimi na mama mkwe tulibaki nyumba nzima bila mdomo wa kutumia.

Yeye alikaa barazani, mguu juu ya kigoda, akimenya karanga. Mimi nilikaa sebuleni na joka langu. Dirisha lilikuwa kati yetu, na pazia lake ni fupi kwa upande mmoja. Lilinificha mimi na kuacha kioo cha kompyuta wazi mbele yake. Sikulijua hilo hadi siku nilipochoma ghala.

Kwa wasioujua mchezo huu, joka hukua kwa kuchoma. Ukichoma ghala la mahindi, unapewa nguvu, mabawa yanarefuka. Nilikuwa nimeshuka juu ya kijiji kimoja kidogo, nimepuliza moto, ghala linawaka vizuri na wanakijiji wanapiga ukelele wao, niliposikia sauti kutoka barazani.

"Weye nyoka!"

Nikaondoa mikono kwenye vitufe.

"Ndiyo, weye mwenye mabawa. Ule muntu alilima na mikono, ulimusaidia kulima? Sasa batoto batakula nini?"

Hakuniambia mimi. Hilo lilikuwa wazi kabisa, na kwa desturi sikuwa nimesikia kitu. Lakini mtu mzima ameuliza swali ndani ya nyumba yangu, na kunyamaza ni utovu wa adabu. Vidole vyangu vikatafuta kitufe ambacho joka hutumia kuinama likinywa maji mtoni. Nikakibonyeza. Joka likashusha kichwa chake cha katoni mpaka chini, mbele ya ghala linaloungua.

Kisha karanga zikaanza kumenywa tena.

"Bon," alisema. "Angalau iko na eshima."

Tangu siku ile tulikuwa na mtu wa tatu. Joka liliinama kusema ndiyo, na kugeuza shingo huku na huku kusema hapana. Yeye aliongea na joka, na mimi, kwa bahati tu, nilikuwa nimekaa karibu. Alilieleza kwamba kanisani kwao kuna picha ya malaika amemkanyaga nyoka wa aina hiyohiyo. "Weye uko na chance, ule malaika haiko huku Bel-Air." Alilikataza kuchoma mashamba. Alilikataza kula mbuzi wenye mimba, ingawa sijui aliwatambuaje, maana mbuzi wa mchezo ule wote ni masanduku manne yenye pembe. Nadhani sasa mimi ndiye mwenye joka dhaifu kuliko yote yaliyowahi kuchezwa. Halichomi, halikui, linazungukazunguka juu ya vijiji likiomba radhi.

"Inalalaka wapi?" aliuliza siku nyingine.

Nikalirusha hadi kilimani, kwenye pango lake, nikaliingiza.

"Peke yake?"

Joka likainama.

Tangu hapo alijua saa ambazo umeme hupenda kukatika kuliko ninavyozijua mimi. Ikikaribia, alitangaza: "Courant itaenda. Rudisha nyoka ku nyumba yake." Nami nililirudisha, mtu mzima mwenye ndevu, hata kama nilikuwa katikati ya vita.

Mke wangu alikuwa akihesabu majuma ya plasta kwa hofu. Mama alikuwa amekwisha kumwita mwanawe wa kiume aje na gari. Mfuko wake ulikuwa umefungwa tayari chini ya kitanda. Nami nilianza kuona kwamba nyumba bila ile sauti dirishani itakuwa na ukimya ambao sikuutaka.

Alasiri moja joka lilikuwa limelala pangoni, na mimi sikuwa na haraka ya kulitoa. Mama mkwe aliacha kumenya.

"Nyoka," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Kule Kasungami nilianguka asubui mapema. Bantu balinikuta jua iko kati-kati. Niliita, niliita, akuna mwenye alisikia. Niliona sisimizi banapanda ku mukono yangu, nikasema basi, njo hivi nitakufa. Mutoto anasema nibakie. Mi najifanya muntu wa nguvu, lakini naogopa. Naogopa sana kurudia pale, na sijue nitasema namna gani, juu ile kuku nilishakataa mara mingi..."

Umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Joka halikuwepo tena, na katika kioo kile cheusi, chini ya pazia fupi, tulionekana sisi wawili, mimi na mama mkwe wangu, uso kwa uso. Alitoa ukelele ambao wanakijiji wangu wangeuonea wivu, akajifunika kichwa kwa kanga iliyojaa maganda ya karanga. Mimi nilipiga magoti nyuma ya kiti. Tulikaa hivyo mpaka mke wangu alipofungua geti, akatukuta mmoja yumo ndani ya kanga na mwingine yuko sakafuni, akauliza kama kuna mwizi.

Sikumwambia kitu. Maneno yale hayakuwa yangu, yalikuwa ya joka. Kumfikishia mke wangu siri ya mama yake kungemvunjia mama heshima, na yeye heshima ndiyo iliyokuwa imemweka mbali nami miaka yote hiyo. Kumjibu mwenyewe ndiko kabisa hakukuwezekana. Siku kadhaa hakulisemesha joka. Alimenya karanga ameligeuzia dirisha mgongo, nami nilikohoa koridoni kuliko kawaida.

Niliporudi Mokambo nilinunua kikwembe cha buluu, cha kuvaliwa kanisani, na njiani kurudi nyumbani nikanunua kuku. Kikwembe nilikikunja nikakiweka juu ya kompyuta. Kuku nilimfunga kamba kwenye mpera, hatua chache kutoka barazani.

"Kuku huyu ni wa nani?" mke wangu aliuliza.

"Wa joka," nilisema.

Alimtazama kuku, akakitazama kikwembe, akanitazama mimi. Kisha akaenda kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, bila kunitania hata kidogo, jambo lililonitia wasiwasi.

Kuku alikaa pale. Mama mkwe hakumtaja. Ila niliona kwamba karanga mbovu zilianza kurushwa upande wa mpera, na baada ya siku chache hata nzima zilirushwa.

Plasta ikatolewa. Siku iliyofuata shemeji yangu alikuja na gari, mfuko ukapakiwa, mke wangu akasimama getini machozi yakimtoka bila kuyafuta. Nami nilikuwa mahali pangu, sebuleni, nyuma ya pazia. Umeme haukuwepo tangu alfajiri. Nilikaa mbele ya kioo cheusi kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa.

Nikasikia fimbo yake barazani. Ikaja taratibu mpaka dirishani, ikasimama.

"Nyoka," alisema.

Alijua fika kwamba hakuna umeme. Wote tulijua.

"Ile kuku yako inanona sasa. Mi nikienda, nani atailisha?"

Nilibonyeza kitufe cha kuinama. Hakuna kilichotokea kwenye kioo, lakini kitufe kile kimechakaa na kina mlio wake, na nyumba ilikuwa kimya. Alikisikia.

"Basi ambia mwenye nyumba aifungule," alisema mama mkwe wangu. "Alete na ile kikwembe. Na mutoto yangu atoshe mufuko yangu mu gari."

Mfuko ukateremshwa garini, nasi tukaifanya ile desturi palepale barazani, shemeji na mke wangu wakiwa ndugu mashahidi. Nilipiga magoti, kuku mkono mmoja, kikwembe mkono mwingine, kuku akinichafulia suruali. Mama alivipokea vyote akavikabidhi kwa binti yake. Kisha akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, migumu kwa jembe, akaninyanyua uso. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe alinitazama machoni, na yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Kumbe weye njo uliunguza mahindi ya bantu," alisema. "Na kikoozi ile, juu ya nini hunywake dawa?"

Alianza hivyo, na mpaka leo hajamaliza.