Tangazo la Mafuta ya Dada

Dada yangu alikuwa na mashine ya kukamua mafuta ya pamba pale Bariadi. Aliinunua kwa kuuza ng'ombe alioachiwa na marehemu mumewe, enzi zile soko huria lilipokuwa likisifiwa kila mkutano. Soko hilo hilo likatuletea mafuta ya ng'ambo, meupe, yasiyo na harufu, na bei yake ndogo hatukuiweza. Ilipofika miaka ya simu zenye intaneti, mashine ilikuwa inalala zaidi kuliko inavyofanya kazi. Nilikuwa namsaidia, na wote wawili tulijua kwamba wateja wakipungua tena, anafunga.

Binamu yetu wa Dar es Salaam akajitolea kututangaza mtandaoni. Akaweka picha ya chupa na herufi kubwa: MAFUTA SAFI!!! WAHI SASA!!! Alama za mshangao zilijipanga kama nguzo za zizi. Akasema huko kwao tangazo lisilo nazo hakuna anayeligeukia. Huenda. Kule wamezoea kupigiana kelele.

Huku kwetu watu wamejifunza kununua mnadani. Mwenye dume zuri husimama kimya, mkono juu ya nundu, akikuacha uzunguke mwenyewe uangalie meno na kwato. Anayepaza sauti hupitwa, maana ng'ombe wake lazima ana tatizo. Binamu alishayasahau hayo, na sisi kwa hamu ya kuokoka hatukumkumbusha.

Mzee mmoja wa Lalago, mteja wetu tangu mashine ikiwa mpya, alionyeshwa tangazo kwenye simu ya mwalimu mmoja wa kijijini kwao. Akaja na dumu lake.

"Mwadila, mayu," alimsalimu dada kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba."

"Mafuta yana nini mwaka huu?"

"Hayana kitu. Ni yale yale."

"Mbona mnayapigia kelele hivyo?"

Dada akamwonjesha. Mzee akalamba kidole, akakiri ni mazuri, akaondoka na dumu tupu. Wengine hawakuja hata kuonja.

Nikamwomba binamu alifute, nikaandika mwenyewe: Mafuta ya pamba yapo. Bariadi. Nukta, basi. Binamu akapiga simu kwa hasira, eti watu wa Dar wanamuuliza kama tumefiwa. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tungeandika vipi? Kelele zilifukuza wa nyumbani, ukimya haukumvuta wa mbali, na mafuta ya ng'ambo yaliendelea kununuliwa duka la mkabala bila tangazo lolote. Niliichukia simu niliyoliandikia tangazo.

Dada akafunga. Tangazo la kuuza mashine nililiandika tena na tena, nikiweka alama na kuziondoa, na hakuna aliyejibu. Mwishowe akapita mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuwa ameona tangazo, wala hakuuliza mashine inakamua nini. Aliteremsha mzani wake, akamwomba dada amsaidie kunyanyua upande mmoja wa mashine, na dada akanyanyua.