Mtu wa Kumi Malaba

Nilitoka nyumbani Budalang'i kwa sababu ya msiba. Rafiki yangu Naomi, anayeuza maharagwe Malaba mpakani, alimpoteza mama yake mwezi uliopita kwao, kwenye vilima vya Mbale upande wa Uganda. Mazishi yalinipita kwa vile mto Nzoia ulikuwa umefunika barabara yetu. Maji yalipopungua nikafunga safari kwenda kumpa pole. Naomi ni Myahudi. Nilijua hivyo miaka mingi, kama ninavyojua jirani yangu ni Mkatoliki, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, nilianza safari. Busia nikabadilisha gari, na saa saba nikawa Malaba. Nilimkuta Naomi sokoni akifunga magunia mapema.

"Karibu, mwalimu. Leo nawahi. Jua likizama hatufanyi kazi."

Tukiwa njiani kwenda kwake aliniambia habari za mama yake. Mama huyo alipokuwa msichana, utawala wa kijeshi kule Uganda uliipiga marufuku dini yao. Vitabu vilifichwa, na wengi waliacha imani kwa hofu. Mama yake Naomi alijifunza herufi za Kiebrania kwenye ungo. Nyanya yake alimwaga unga, akaandika herufi kwa kidole, mtoto akaisoma.

"Mtu akipiga hodi?" nikauliza.

"Anatikisa ungo. Herufi imeenda, unga umebaki."

Saa kumi jioni, nyumba yake ya kupanga nyuma ya soko ilianza kujaa. Walikuja mafundi wawili wa nguo, mama muuza vitenge na mume wake, dereva wa lori na wengine watatu. Pamoja na Naomi walikuwa tisa, ndio Wayahudi wote watu wazima wa Malaba. Ndipo nikaelewa shida. Ipo sala ambayo aliyefiwa huisema, na haisemwi mpaka watimie watu kumi. Tangu arudi kazini, Naomi hakuwa ameisema hata mara moja. Mtu wa kumi alikuwa anatoka Mbale, lakini simu ilisema gari lake limekwama ng'ambo ya mpaka, nyuma ya malori.

"Basi nihesabuni mimi," nikasema.

Naomi akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Asante, dada. Lazima awe Myahudi."

Saa kumi na mbili na robo, mama wa vitenge aliwasha mishumaa miwili. Naomi alikuwa amekaa akitazama mlango. Nilimwonea uchungu, nikamnong'oneza, "Semeni tu. Kwani nani atajua?"

"Sisi," akajibu.

Wakaanza sala nyingine, kwa Kiebrania, kisha wimbo kwa Kiganda. Walikuwa karibu kumaliza mlango uliposukumwa. Aliingia bibi wa miaka sabini na kitu, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Muda wote nilidhani wanasubiri mwanamume.

"Nimeshuka kule nyuma," akasema akihema. "Dereva ananiambia, jajja, ngoja tu, malori yatasonga. Nikamwambia, jua likitua sisi hatusafiri, na mimi sina faida tena."

Alipewa maji. Hakukaa. Naomi akasimama katikati yao, akaisema ile sala, na wale wengine wakamwitikia kwa nguvu kila alipofika mahali fulani, kama watu wanaomsaidia mwenzao kuinua mzigo. Nilitega sikio nisikie jina la marehemu. Sikulisikia. Baadaye, tukila wali na maharagwe, Naomi alinieleza kwamba sala hiyo haitaji kifo popote. Ni ya kumsifu Mungu tu.

Jumamosi hatukufanya chochote. Tulilala, tukaimba, tukala vilivyopikwa jana yake. Mimi niliyezoea kusahihisha madaftari hata siku ya Krismasi niliona vigumu, mpaka mchana nikazoea.

Jumapili asubuhi nilimsindikiza yule bibi hadi mpakani. Nilimwambia kwamba nimefundisha somo la dini miaka thelathini, na kila mara nimewaeleza watoto habari za Wayahudi kama watu wa zamani, waliobaki ndani ya Biblia.

"Sasa utawaambia nini?"

"Kwamba mko Malaba, mko wachache, na hamjipunguzii hesabu ya kumi."

Akaridhika. Kisha nikamuuliza mbona alitembea umbali ule kwenye jua, na miguu yake ile.

"Mwalimu, zamani tulisali watu wanne, dirisha limefungwa, mmoja nje analinda," akasema. "Mama yake Naomi ndiye alikuwa analinda. Yeye hakuwahi kusali na sisi, miaka yote ile. Sasa siku watu wanaitwa wasimame kwa ajili yake, mimi nitakaa kwa gari?"

Akavaa viatu, akavuka.