Nati Ambayo Kaka Hakuifunga

Mama mmoja wa Bukoba ametutumia haya na kuomba jina lake libaki kwetu. Maoni yenu atayasoma yote.

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndiye mkubwa, marahaba. Nina miaka hamsini na sita, naishi Nshambya, sina mume wala mtoto wa kumzaa. Ninaye mmoja niliyemlea, mtoto wa marehemu kaka yangu, na ndiye ninayeogopa kumpoteza. Mnaopenda kutukana kwenye maoni leo mpumzike, nimeshajitukana vya kutosha.

Kijana huyu ni mwalimu wa ufundi. Tangu mwezi uliopita anatengeneza roboti ya kupigana kwenye banda letu la nyuma, anaipeleka mashindanoni Mwanza. Ina ukubwa wa sufuria ya ndizi, magurudumu mawili, na mbele kisahani cha chuma kinachozunguka kwa kasi ili kuipiga roboti ya mwenzake. Kila jioni anakiwasha. Kikianza kulia, naacha kumenya ndizi, nakaa chini. Yeye anadhani ni kelele zinanisumbua. Hajui kwamba mlio huo niliujua kabla yake.

Baada ya vita, malori mabovu ya jeshi yalibaki njiani. Kaka alikuwa fundi redio kule Kamachumu, nami nilikuwa nimemaliza shule sina kazi, nikawa namsaidia. Kwenye lori moja alitoa mota ya waipa, ile ya kufutia kioo, na mota ya feni. Ya waipa ikasukuma magurudumu, ya feni ikazungusha kisahani, umeme ukatoka kwenye betri kwa waya mrefu. Vijana wengine nao wakaunda mashine zao, na Jumapili baada ya misa tulizipambanisha kwenye sakafu ya kuanikia kahawa. Watu walijaa. Miaka ile ilikuwa ya kuzika tu, kwa hiyo palipokuwa na kicheko watu walikifuata.

Kisahani chetu kilitoka kwenye baiskeli, kile chenye meno kinachovuta mnyororo. Mwanzo kiliteleza tu, hakikuuma. Kaka akafikiri siku mbili, akasema, "Kaisiki," yaani binti kwa lugha yetu, "meno yamezidi. Punguza." Nikayasaga kwa tupa yakabaki mawili, moja huku na jingine huku, uzito ulingane. Kikauma kweli. Lakini kilikuwa kinapiga kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mashine iliyokuwa ikiruka ni yetu. Nikasema tugeuze waya za mota kizunguke kinyume, kimrushe mwenzake. Kaka akakubali, ila akanionya, "Ukitaka kugeuza, niite kwanza. Sasa hivi mzunguko unaikaza ile nati inayoshika kisahani. Ukiugeuza, utailegeza. Lazima tufunge nati ya pili juu yake."

Mke wake tulikuwa tumeshamzika, na yeye alishaanza kukonda. Mnaoikumbuka miaka ile mnajua tulivyokuwa tukiambizana, kwamba ukimwi unaambukiza hata kwa kushika kitu alichoshika mgonjwa. Nilimpikia, nilimfulia, lakini kila spana aliyoishika niliiosha kwa majivu kisirisiri. Jumapili ile aliamka na homa. Niligeuza waya peke yangu. Sikumwita, na wala sikusahau. Sikutaka mikono yake ishike vitu nitakavyoshika mimi. Nati ya pili niliitafuta nikaikosa, nikaikaza ile moja kwa nguvu zangu zote, nikasema itatosha.

Kaka alijikongoja akaja kuangalia. Mashine yetu iliirusha juu mashine ya seremala jirani yetu, watu wakashangilia, halafu kisahani kikachomoka na kumpiga seremala mwenyewe usoni. Jicho la kushoto liliisha palepale. "Mawe, mama yangu!" watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akafoka, "Mikono ya mgonjwa hiyo! Nani alimruhusu mgonjwa afunge nati?" Kaka aliinama akaitazama mota, akaona waya zimegeuzwa. Akanitazama mimi. Kisha akasema kwa sauti, "Ni mimi. Nilifunga vibaya."

Nami nikanyamaza.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemletea redio. Alikaa mlangoni miezi minne, mikono mapajani, mpaka akafa. Hakuniuliza hata mara moja. Laiti angenitukana! Mwanawe alikuwa na miaka mitatu. Nikambeba tukahamia Bukoba, lakini maneno ya Kamachumu yalitufuata.

Amekua akijua kwamba baba yake alimtoboa mtu jicho kwa uzembe. Kila Krismasi humpelekea yule seremala mkungu wa ndizi, anapiga magoti, anamwombea baba yake msamaha. Na mkungu huo naufunga kamba mimi, kwa mikono hii, kisha namsindikiza stendi. Roboti yake ameifunga nati mbili, na bado anazikagua mara tatu tatu. Juzi nilimwambia, "Mwanangu, zimekaza, inatosha." Akacheka, akasema, "Hapana, shangazi. Mimi sitaki kuwa kama baba." Nilitoka bandani nikalia migombani.

Sasa seremala ni mzee na anaumwa sana. Kijana amekodi gari twende wote Jumamosi. Ameniambia, "Shangazi, wewe ndiye uliyekuwepo. Mimi hata sura ya baba siikumbuki. Nataka umwambie yule mzee mbele yangu kwamba baba hakuwa mtu mbaya, alikosea tu."

Nikisema kweli, nitamrudishia baba yake, lakini mimi atanitazamaje? Hana mama mwingine, nami sina mtoto mwingine. Na nikinyamaza, nitakaa mbele ya jicho lile, niombe msamaha wa kosa langu kwa jina la kaka yangu, huku mtoto wake amenishika mkono akinishukuru.

Nishaurini, waitu, ndugu zangu. Jumamosi ni keshokutwa.