Mkalimani wa Mama wa Chini

Juzi hapa Columbus, Marekani, mwalimu wangu wa chuo alisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Alikuwa ametuuliza kwa nini tumechagua kusomea haki za wakimbizi, nami nilijaza kurasa mbili za theluji, bibi yangu na viatu vya kupewa kanisani. Wenzangu wawili walifuta machozi. Niliporudi nilisonga ugali nikausahau jikoni ukashika chini, na ile harufu ya ukoko ikanirudisha moja kwa moja Buffalo, mji nilikokulia. Wewe acha nikueleze yale ambayo sikuyaandika.

Tulikaa mtaa wa West Side, katika nyumba ya mbao ya familia mbili. Juu tulikuwa mimi na bibi. Chini alikaa peke yake mama mmoja wa Kivu, nami nilimwita mama wa chini. Bibi alikunja mashuka hotelini mpaka jioni, kwa hiyo nikitoka shule nilipitiliza kwa jirani. Ngazi zilinuka sombe, yaani kisamvu, na dagaa, mwenye nyumba akawa anaingia ameziba pua. Nilimenya vitunguu saumu, nikafagia, nikaosha masufuria yote isipokuwa moja, maana hilo lilikuwa na ukoko wangu. Aliubandua kwa kijiko, akaunyunyizia chumvi, akanipa wote. Kisha alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka, akivuta nywele mpaka macho yakavutika, na hata hayo maumivu niliyapenda.

Lakini vyote nilivyopewa vilikuwa vya mtu mwingine. Mama wa chini alikuwa na binti wa rika langu, aliyezuiwa kambini siku ya kupimwa afya kabla ya safari, kwa sababu ya kifua. Waliambiwa atafuata akipona. Ukutani palitundikwa begi jipya la shule, jekundu, la huyo binti, nami nilikatazwa hata kugusa zipu. Nilimchukia msichana yule kabla sijamwona.

Bibi ndiye aliyenieleza habari yake, huku akichambua maharage, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. Mtoto alizaliwa na dada mkubwa wa mama wa chini. Dada huyo alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, na mama wa chini, ambaye mtoto wake mwenyewe hakuishi, akamchukua akamnyonyesha. Kwetu hapo hakuna mjadala. Mtoto wa dada yako ni wako, na hakuna anayekuja kukuuliza ametoka tumbo gani.

Siku moja mama wa chini aliitwa ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya huyo binti. Theluji ilikuwa imefunga barabara, mkalimani hakufika, ikabidi niwe mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja na Kiingereza changu kilisifiwa mtaa mzima. Sisi watoto ndio tuliokuwa midomo ya wazee, hospitalini, shuleni, hata kwa mwenye nyumba.

"Bon, mutoto wangu," aliniambia ndani ya basi, "umuambie vile: ule mutoto nilimunyonyesha miye mwenyewe. Donc ni wangu."

Mwanamke wa ofisini aliuliza kama mama huyu ndiye aliyemzaa. Nilitafsiri. Mama wa chini akajibu vilevile, kwamba alimnyonyesha, ni wake. Nami nikasema kwa Kiingereza safi: hapana, hakumzaa, aliyemzaa alikufa. Sikukosea neno. Na usinifariji kwamba nilikuwa mtoto, maana begi jekundu lilikuwa mbele ya macho yangu nilipokuwa nikisema. Kalamu ya yule mwanamke ilisimama, kisha ikaanza kukimbia. Akaniambia mimi ni msichana mwerevu. Mama wa chini alikuwa akinitazama mdomoni.

"Anasema ni sawa," nikamwambia.

Barua ya kukataliwa, kwamba yeye si mama mzazi, nilimsomea mimi pia. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula. Baada ya wiki chache alilitungua lile begi akanivisha mgongoni, nikalibeba miaka miwili. Alijiaminisha kwamba aliyemsema ni rafiki yake wa kanisani, mtu pekee, kwa alivyodhani, aliyeijua habari hiyo tangu kambini. Wakaacha kusalimiana. Mimi nilikaa katikati yao kwenye benchi la kanisa, nikiimba.

Sasa nyumba ile imepakwa rangi ya kijivu na wanakaa watu nisiowajua. Bibi hayupo. Rafiki wa kanisani naye amezikwa, na mama wa chini hakwenda mazishini. Alikuwa ameshahamia Louisville, kule Highview, anafunga maboksi kwenye ghala. Binti bado yuko kambini, ana watoto wake, na kifua hakijamwacha.

Mwaka huu mama wa chini alinipigia simu. "Umesoma mambo ya bakimbizi. Unitafutiye dosie yangu, uangaliye ni nani alinisema." Niliomba jalada lake likaja, nikampelekea mwenyewe. Nilimkuta amesonga ugali. Tuliketi mezani, nikafungua ukurasa wa tatu, nikaona maneno yangu yamepigwa chapa, na juu yake: mkalimani, mtoto wa jirani. Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba nitamwambia. Alikuwa akinitazama mdomoni, kama siku ile.

"Hawakuandika jina, mama," nikasema.

Alifunga karatasi zile, akaziweka kando. "Bon. Mungu anamujua," alisema. Akachukua kijiko, akabandua ukoko, akaunyunyizia chumvi, akausogeza mbele yangu. "Kula, mutoto wangu."

Nikaula wote.