Nambari Niliyoapa Haigawanyiki

Nilitoka Voi kwa gari la moshi, nikafika Chaka siku ya tatu nikiwa na cheti cha kidato cha nne na majivuno tele. Shule ya harambee ilinipa hesabu nifundishe kwa majaribio, mpaka wazazi wanikubali.

Siku ya wazazi niliandika ubaoni 111,111. "Hii haigawanyiki," nikatangaza, "ila kwa moja na kwa yenyewe. Ni moja tupu, utaigawaje?"

Mkulima mmoja mzee akasimama. "Mwalimu, mimi niko na mabibi watatu. Kila kitu kwangu lazima igawanyike kwa tatu, ama nilale nje. Mia moja na kumi na moja ni thelathini na saba kila nyumba. Na hizo elfu zako ni hivyo hivyo. Hakuna mama atanuna."

Nikagawa ubaoni: 37,037. Hakikubaki kitu. Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote.

Mwenyekiti wa wazazi akauliza nani bado ananikubali. Mzee peke yake akainua mkono. "Abaki, lakini kwanza aoe."

Niliondoka Chaka jioni hiyo, moja kwa moja.