Kinyozi wa Voi na saa ya mfamasia aliyeuawa

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatatu, Ridha Mansur anazima mashine ya kunyolea katikati ya kichwa cha mteja. Anageuka nyuma kutazama televisheni iliyotundikwa juu ya mlango. Anageuka mbele kutazama kioo. Anafanya hivyo mara nne.

Kwenye televisheni kuna picha moja iliyosimamishwa. Ni saa ya ukutani isiyo na namba, imepasuka. Televisheni inaonyesha saa kumi kasoro dakika kumi. Kioo kinaonyesha saa mbili na dakika kumi.

"Saa ni hiyo hiyo moja," anasema. "Na macho ni haya haya. Sasa miaka yote hii nilikuwa natazama nini?"

Mteja wake ni Katuku, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Njukini. Amenyolewa upande mmoja tu.

"Wee Ridha," anasema, "huyo mtu ameshakufa, hataamka. Mimi niko hai na niko na gari ya kurudi saa tano. Nimalizie kichwa."

Ridha ana umri wa miaka 46. Amenyoa watu katika chumba hiki cha mtaa wa Sofia, mjini Voi, kwa miaka 19. Chumba kina kiti kimoja, kioo kinachofunika ukuta mzima, na benchi la watu wanne. Wanaongoja kwenye benchi hutazama televisheni moja kwa moja. Aliye kwenye kiti huitazama kupitia kioo, na Ridha vilevile, kwa kuwa husimama nyuma ya kiti.

Humo ndimo alimotazama karibu kila filamu anayoijua. Nyumbani hakuna televisheni. Huingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa mbili usiku.

Anachopenda ni tamthilia za uhalifu, na katika hizo, waigizaji. Kando ya kioo kuna kipande cha kadibodi chenye majina ya tamthilia 14 kwa mwandiko wake. Mbele ya kila jina ameandika jambo moja la kutazama. Kwa tamthilia ya Nigeria aiitayo "Risiti ya Mwisho", kuhusu mhasibu anayemficha mwizi, ameandika: "Mtazame mhasibu akiwa hana la kusema." Kwa nyingine ya Afrika Kusini, "Zamu ya Dereva", ameandika: "Mama wa polisi. Dakika tatu tu, lakini hizo tatu."

Watu humsikiliza. Walimu, madereva wa malori na wauguzi hupita mlangoni wakiuliza watazame nini wikendi, hata wasio na nywele za kukata.

"Mteja huona dakika ishirini, analipa, anakwenda zake," anasema Ridha. "Mimi naona mwanzo hadi mwisho. Akibisha namwambia, mwenzangu, wewe umeonja, mimi nimekula."

Juu ya orodha, kwa herufi kubwa, kuna tamthilia ya Uturuki ya sehemu nne. Ridha huiita "Chai ya Mfamasia". Ameitazama mara tisa, kwa hesabu yake mwenyewe.

Hadithi yake si ndefu. Mfamasia wa mji mdogo anakutwa amekufa dukani. Alipoanguka aliangusha rafu, na rafu ikaipasua saa ya ukutani, ikasimama. Wanaoshukiwa ni wawili: dada yake, na fundi wa nguo mwenye duka la jirani. Filamu haifuati mpangilio wa siku. Mtazamaji huonyeshwa vipande, kisha huachiwa avipange. Saa mbili asubuhi dada yuko steshini ya treni katika mji mwingine, na fundi yuko peke yake akifungua duka. Kufikia saa kumi jioni dada ameshafika, na fundi ametoka kwenda kuchukua vitambaa.

Mwishoni fundi anafungwa. Dada anaketi kwenye kiti cha marehemu, anakunywa chai, analia.

Kwa miaka sita Ridha amewaambia watu wa Voi kwamba huyo dada ndiye mwigizaji bora aliyewahi kumwona.

"Yule analia kilio cha mtu aliyeachwa," alikuwa akisema. "Hana hatia, hana kaka, hana wa kumnywea chai yake. Fundi ameua, fundi amefungwa, lakini haki haimrudishii mtu. Yote hayo utayaona usoni mwake."

Tamthilia hiyo iko kwa Kituruki, na maandishi ya Kiingereza hupita chini. Kwenye kioo maandishi hayo huonekana yamegeuka. Ridha hakuwahi kuyasoma.

"Nina wembe shingoni mwa mtoto wa mtu," anasema. "Nitasoma vipi? Mimi nasoma nyuso."

Mabishano yalikuwapo tangu zamani. Watu wa benchi walisema dada ndiye muuaji. Watu wa kiti walisema ni fundi. Ridha aliwahesabu watu wa benchi kuwa wazembe, na kwa kuwa yeye pekee ndiye aliyeiona yote, neno lake lilibaki la mwisho.

Jambo hilo lingebaki la kinyozini kama si miguu yake.

Mwezi wa pili mwaka huu mishipa ya mguu wa kulia ilivimba hadi akashindwa kuvaa kiatu. Daktari aliyemwona alimwandikia apunguze saa za kusimama kutoka kumi na mbili hadi sita kwa siku. Kinyozi asiyesimama hana kazi. Kichwa kimoja ni shilingi mia moja, na siku nzuri huwa na vichwa kumi na vitano.

Wakati huo huo Kavinya, mwanamke mwenye ukumbi wa harusi karibu na soko, alikuwa akitafuta namna ya kuutumia ukumbi siku zisizo na harusi. Alinunua projekta. Akamwendea Ridha na pendekezo: alasiri tatu kwa wiki, kazi ya kuchagua filamu na kuzieleza kwa watazamaji kabla hazijaanza. Angelipwa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi, na angeifanya kazi ameketi.

"Nilimwambia tufanye Jumamosi moja ya majaribio," anasema Kavinya. "Watu wakiondoka wameridhika, tunaandikiana mkataba. Wakiondoka wanalalamika, kila mtu abaki na kazi yake."

Ridha alichagua "Chai ya Mfamasia". Walikuja watu 52.

Saa nane alasiri alisimama mbele yao akiwa na kanzu nyeupe. Kwa mujibu wa watu watatu waliokuwapo, alisema: "Tazameni saa ya ukutani. Ni saa mbili na dakika kumi. Mkiishika hiyo, mmeishika filamu yote. Kisha mtazameni dada, kwa sababu dada hana hatia."

Saa ya ukutani ilipotokea kwenye pazia, ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Kwanza ilikuwa kicheko kimoja. Kisha ukumbi mzima. Ridha alisimama akamtaka Mwanzia, mwendesha projekta, arudishe nyuma. Mwanzia akarudisha. Saa ikawa ile ile.

"Hii si filamu yangu," Ridha alisema kwa sauti. "Umeleta nyingine."

"Ami, ni flashi yako hii," Mwanzia alijibu. "Umenipa mwenyewe, na bado ina nywele."

Watazamaji walibaki hadi mwisho, ingawa si kwa utulivu. Ndunge, mwalimu wa shule ya upili aliyekuwa safu ya nne, alikuwa akisoma maandishi ya chini. Anasema katika onyesho la mwisho, dada akiwa na kikombe mkononi, anatamka maneno machache, na yameandikwa wazi: "Aliinywa yote."

"Hapo mtu anaelewa sumu ilikuwa kwenye chai," anasema Ndunge. "Fundi amefungwa bure. Yule mama hajaachwa na mtu, ameua na ameshinda. Nikageuka kumtazama kinyozi. Alikuwa amekaa kama mtu aliyepotezewa mzigo steshini."

Kavinya hakuandika mkataba siku hiyo. Alisema atatoa jibu Jumatano.

Ridha anasema Jumamosi hiyo alilala akiamini projekta ndiyo mbovu. Jumapili aliamini flashi imebadilishwa. Jumatatu asubuhi aliichomeka flashi kwenye televisheni ya kinyozini, akaisimamisha filamu penye saa, na Katuku ndiye aliyekuwa kwenye kiti alipoanza kugeuka mbele na nyuma.

"Najua kioo hugeuza," anasema. "Hiyo ni kazi yangu. Mteja akisema nipunguzie kulia, mkono wangu unajua wenyewe uende wapi. Lakini filamu, wallahi, sikuwahi kuigeuza kichwani."

Anamaliza kichwa cha Katuku saa tatu na dakika hamsini. Benchi limejaa, na hakuna aliyekuja kunyolewa.

"Kwa hivyo sisi watu wa benchi tulikuwa sawa," anasema mmoja.

"Sawa wapi?" anadakia Muinde, mwendesha bodaboda ambaye kwa miaka minne ameiona tamthilia hiyo kutoka kwenye kiti tu. "Mimi nimeona saa mbili kwa macho yangu. Fundi ameua. Kwani mahakama ya Uturuki ilimfunga kwa nini?"

"Muinde, kioo kilikuwa kinageuza."

"Basi kiligeuza na mahakama?"

Ridha hacheki. Anachukua kalamu na kuikaribia kadibodi. Katika majina 14, matano ni ya tamthilia za lugha asizozisikia. Anaweka alama ya kuuliza mbele ya yote matano. Anafikia la sita, ambalo ni la Kiingereza, anasita, anaweka alama hapo pia, kisha anaifuta kwa kidole.

Jambo linalomsumbua zaidi, anasema, si saa.

"Saa nimeielewa. Nimekosea, basi. Lakini uso wa yule dada sikuuona umegeuka. Uso ni uso. Nilimwona ana majonzi, na bado namwona ana majonzi. Sasa kama ameua, yale machozi ni ya nini? Ama yeye ni mwigizaji hodari kuliko nilivyosema, ama mimi sijui kusoma nyuso. Moja kati ya hayo ni kweli, na sijui ni lipi."

Ndunge naye aliulizwa kuhusu machozi hayo. Anasema alisoma maandishi kwa makini kiasi kwamba uso wa dada hakuuangalia sana.

Jumatano saa tano asubuhi Ridha alikwenda ukumbini bila kuitwa. Kavinya alikuwa akihesabu viti vya harusi.

"Bwana Ridha, nilisema nitakupigia simu," alisema.

"Najua, mama. Nimekuja kukuambia usiniandike kazi ile. Kueleza kabla siwezi tena. Nitawapoteza watu."

"Na miguu yako?"

"Miguu inauma. Hiyo haifanyi niwe mkweli."

Kavinya anasema kwa muda hakujua mtu huyu anaomba kazi au anaikataa. Akamwambia alichokuwa hajamwambia: tangu Jumamosi watu wasiopungua ishirini wamepita kuuliza kama "Chai ya Mfamasia" itaonyeshwa tena, kwa sababu nyumbani wamegombana.

"Sijawahi kuona watu wakigombania filamu siku nne," anasema. "Kwangu hayo si malalamiko. Lakini sikujua niyaite nini."

Ridha alipendekeza azungumze baada ya filamu, wala si kabla, na kila filamu aitazame pamoja na watazamaji, akiwa ameketi uso kwa uso na pazia. Asiyeweza kusoma maandishi atasomewa na Mwanzia kwa Kiswahili. Kavinya alikubali kwa mwezi mmoja. Waliandikiana Alhamisi.

Mipango ya Ridha ni kuanza upya matano yale yenye alama ya kuuliza, moja baada ya jingine, kisha kuandika kadibodi nyingine. Kinyozini atafanya kazi hadi saa saba mchana, na alasiri atamwachia binamu yake kiti.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulionyesha tamthilia fupi ya Kihispania kuhusu karani wa bandari anayetuhumiwa kumuua mlinzi. Ridha hakuwa ameiona. Walihudhuria watu 34. Alikaa safu ya pili, mguu wa kulia juu ya kiti cha mbele. Mwanzia alisoma maandishi kwa sauti.

Ilimalizika saa kumi na dakika ishirini. Taa zilipowashwa, Muinde alikuwa wa kwanza kusimama.

"Kinyozi, sema. Nani ameua?"

Ridha alisimama polepole.

"Sijui," alisema.

Watu walinong'ona. Wengine walianza kukusanya mikoba. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba wasiojua wako wengi nyumbani kwake, na hawalipwi.

"Sijui nani ameua," Ridha akaendelea. "Lakini karani alipoambiwa mlinzi amekufa, alisema maskini, na huku anafunga kifungo cha shati. Alikifunga vizuri, hakukosea tundu. Mimi hufunga watu kitambaa shingoni kila siku. Mtu aliyeshtuka mikono yake haifanyi vile. Sijui maana yake nini. Mwanzia, turudishie pale."

Mwanzia aliirudisha filamu nyuma dakika nne. Watu 21 waliketi tena.