Mama Geti na Barabara Iliyoliwa na Mto

Watu wengi waliopanda ule mlima hawamkumbuki Mama Geti. Wanakumbuka kilele, baridi, na picha walizopiga. Lakini hakuna gari lililofika juu bila yeye kulinyanyulia lile bomba la chuma lililoikinga barabara, na hakunyanyua kabla ya kuwaangalia abiria kutoka kichwani hadi viatuni. Ukija na raba za kutembelea mjini, alikwambia wazi kwamba utarudi umebebwa. Mimi ni mpagazi, mizigo ya watu ndiyo kazi yangu, na nimewabeba wengi wa aina hiyo. Mara nyingi alikuwa amesema kweli.

Geti alilirithi kwa mumewe, aliyekuwa mlinzi wa msitu. Mume alipofariki, ofisi ilitafuta mtu wa kushika nafasi yake, na ilipomaliza kutafuta ikamkuta mjane ameshakaa kwenye kiti. Aliishi hapo hapo kando ya kizuizi, chumba kimoja na kibaraza, na ndani kitanda, jiko la mkaa, redio iliyofungwa kwa mpira, na dirisha dogo linalotazama barabara. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kwa miaka. Kutoka kitini hadi kwenye bomba ndiyo safari aliyoimudu bila kulalamika.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo aliolewa huko juu, mwisho wa barabara, mahali magari yanapogeuzia na njia za miguu za kupanda mlima zinapoanzia. Alikuwa akiwapikia wapandaji kwenye banda la mbao. Mumewe alikuwa dereva wa pikapu ya kubeba wapagazi na wageni. Tulimwita Taratibu, kwa sababu gari lake ungeweza kulipita kwa miguu na kiroba mgongoni. Wageni wenye haraka hawakumpenda. Sisi tuliojua mto uko wapi chini ya ile barabara tulikuwa tunagombania nafasi kwake. Kila Jumapili Taratibu alishuka kumchukua mama mkwe wake, akampeleka kumwona bintiye, na jioni akamrudisha. Mama Geti aliishi kwa ajili ya Jumapili, na hakumficha mtu.

Kisha mvua za mwaka ule zikaja na hasira. Mto ulihama mkondo wake, ukaufuata ukingo wa barabara, ukaula. Katikati ya safari, penye kona kali, upande wa mto ulimeguka na kubaki njia nyembamba ya kupita gari moja kwa mashaka. Upande wa mlima palijaa mawe na matope. Upande wa mto palikuwa pakavu na laini, na chini yake hakuna aliyejua kumebaki nini.

Ofisi ya msitu ilitaka kuifunga barabara moja kwa moja. Tuliitwa kwenye ukumbi wao, wenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Mhandisi aliongea kwa upole. Alisema mto umeshaonja na utarudi kula, kwamba kujenga ukuta pale ni kumwaga zege majini, na kwamba wanaotaka mlima waanze kutembea getini. Mwenyekiti wa madereva alikuja juu. Aliuliza mgeni akizidiwa kule juu atashushwa na nani, banda litapata unga kwa njia gani, na wazee wanaokuja kuuona mlima kwa mara ya mwisho watafikaje. Mhandisi akasema hayo yote ni kweli, na mto hauyasikii. Tulibishana mpaka koo zikakauka. Mimi pia nilipiga kelele, tena bila kupewa nafasi.

Ndipo Mama Geti akaomba kusema. Hakusimama, goti lilimkatalia.

"Tuweke kanuni," alisema. "Gari moja moja. Likifika pale palipoliwa, linasimama, kila mtu anashuka, dereva anavuka peke yake. Watu wanatembea, wanapanda tena mbele. Mvua ikinyesha, sinyanyui bomba."

"Kila mtu?" mwenyekiti aliuliza. "Akija waziri je?"

"Waziri hana miguu?"

"Na mama mkwe?" mtu mmoja akachokoza kutoka nyuma.

"Hata mama mkwe," alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Taratibu aliinamisha kichwa kama bwana harusi. Kila mtu alijua yule mama anapigania nini, na hakuna aliyemlaumu. Mhandisi alikubali shingo upande.

Kanuni ilifanya kazi, lazima niseme hivyo. Tulishuka, tukatembea kwenye matope tukilaani, tukapanda. Taratibu alikuwa na namna yake ya kuvuka. Aliliegemeza gari upande wa mlima kabisa, mpaka kioo cha pembeni kikakwaruza udongo, na magurudumu ya kushoto yakapanda juu ya mawe. Pikapu ilirukaruka kama punda mkaidi. Alitoka pale ametikisika mwili mzima, akicheka peke yake.

Jumapili ya kwanza, binti mwenyewe ndiye aliyeshuka kumwona mama yake. Ya pili, Mama Geti alisema ni zamu yake kupanda. Jua lilikuwa linawaka, hakukuwa na dalili ya mvua. Taratibu akampisha kiti cha mbele, akafuta vumbi kwa kitambaa, akafunga mlango polepole. Sisi wapagazi tulikuwa nyuma.

Pale palipoliwa gari likasimama. Tukaruka chini. Mbele hapakufunguka mlango.

Taratibu alitazama usukani. Akakohoa kidogo. "Mama," alisema, "kuna matope kidogo hapa."

"Naona, baba," alijibu Mama Geti, akajitengeneza mtandio.

Hayo ndiyo yote waliyozungumza, na sote tuliyasikia. Tulitazamana. Mmoja wetu alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Nani kati yetu angemwambia mama mkwe wa mwenzake ashuke kwenye matope na goti lile? Tulisubiri kidogo, naye Taratibu alisubiri kidogo. Kisha akatia gia.

Hakupita upande wa mlima. Mawe yale yangemtikisa mama mkwe wake na kumtonesha goti. Alipita upande wa mto, pakavu na laini, taratibu kama jina lake, kama mtu aliyebeba mayai. Barabara ikamegukia chini ya magurudumu ya kulia bila kelele kubwa. Gari lililala, tukaukimbilia mlango wa kushoto uliobaki upande wetu, tukaufungua. Tulimdaka Mama Geti mkono na nguo, tukamvuta nje. Taratibu alikwenda na gari.

Tulimpata mbali sana chini. Sitaeleza tulimpataje.

Kwenye mazishi binti hakumsemesha mama yake. Alitazama mbele tu, macho makavu, na alipomaliza kupokea pole za watu akapanda mlima kwa miguu kurudi bandani kwake.

Tukaitwa tena ukumbini. Mhandisi alisema huenda ukingo ungemeguka hata kwa gari tupu, hawezi kuapa. Nilimwona Mama Geti akilishika lile neno "huenda" na kukosa pa kuliweka. Mwenyekiti wa madereva akasimama, kwa heshima zote kwa marehemu, akasema tatizo si barabara, tatizo ni nidhamu. Barabara itengenezwe pale, kanuni ikazwe, kazi iendelee. Watu wengi waliitikia. Watoto wetu hawali huzuni, na mimi niliitikia pia.

Mama Geti safari hii alisimama. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Kanuni niliitunga mimi," alisema, "na mimi ndiye niliyebaki ndani ya gari. Kesho mtampakia mzee, au mjamzito, au mama mkwe wa mtu mwingine. Nani kati yenu atamwambia ashuke?"

Alitugeukia mmoja mmoja.

"Hamtaweza. Nawajua, hata mimi sikuweza. Ifungeni."

Mwenyekiti akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, na binti yako? Goti lako halikufikishi kule."

"Najua halinifikishi," alisema, akakaa.

Katapila lilikuja, likachimba mtaro mpana kuvuka barabara na kurundika mawe makubwa. Sasa tunatembea kutoka getini, nusu siku ya ziada na mzigo kichwani, na nusu ya wapagazi wameacha kazi. Ofisi haikumwondoa Mama Geti, sijui ni kwa huruma au kwa kusahau. Aliendelea kukaa kibarazani mbele ya bomba lililofunga barabara isiyopita kitu. Waendao kwa miguu hawalihitaji, wana kijia chao pembeni. Alikuwa akiuliza kila anayeshuka kama binti yake anakula. Tulimwambia anakula. Ukweli ni kwamba alikuwa amekonda, na banda halina unga.

Mwisho binti alifunga banda. Nilimbebea sufuria na godoro, tukashuka pamoja nusu siku. Alikuwa anakwenda kwa ndugu wa mumewe, mbali. Tulipofika getini mama yake alishatuona. Alikuwa amesimama.

Binti alitua kifurushi chake chini. "Mama," alisema, "kwa nini hukushuka?"

Mama Geti alishika nguzo ya kibaraza. "Nilisubiri aniambie. Ningeshuka bila kuambiwa, wenzake wangesema hata mama mkwe wake hauamini usukani wake. Niliona nimlindie heshima yake."

"Na yeye alikuwa anasubiri ushuke." Binti hakupandisha sauti. "Alikuwa anakuonea haya, mama. Ukiwa karibu hata kikohozi alikimeza. Wapagazi waliniambia, siku ile alikohoa."

"Nilimsikia."

Binti akainua kifurushi chake. Mama Geti akageuka, akachechemea hadi kwenye bomba, akaegemea uzito uliofungwa mwisho wake kwa nguvu zake zote mpaka bomba likapanda juu, lote, kama alivyokuwa akilipandishia gari. Akasimama hapo amelishikilia, goti likimtetemeka, amempisha mwanawe katikati ya barabara.

Binti alipita kwenye kijia cha pembeni. Mimi nilikuwa na godoro lake kichwani, nikamfuata. Nilipogeuka kwenye kona, Mama Geti alikuwa bado hajalishusha.